Kabla ya fimbo, tazama mshindio

Shule zilikuwa na wiki mbili tu tangu zifunguliwe. Katika nyumba moja ya Kapalamsenga, wilayani Tanganyika mkoani Katavi, mtoto wa darasa la tatu alirudi kutoka shuleni akiwa ameyashikilia madaftari nyuma, badala ya kuyakumbatia kifuani kama siku zote. Akamwamkia bibi yake, akamwamkia mama yake, kisha akaanza kurudi kinyumenyume kuelekea chumbani.

“Hebu geuka,” mama akamwambia.

Mtoto akageuka. Kaptula yake ya bluu, iliyoshonwa mwishoni mwa Desemba kwa fedha ya debe mbili za mahindi, ilikuwa imechanika kuanzia karibu na mkanda hadi chini ya makalio.

“Ulipanda mti gani?”

“Sikupanda, mama.”

“Nimekuuliza, ulipanda mti gani?”

Mtoto akanyamaza. Alipoulizwa mara ya tatu akajibu kwa sauti ndogo: “Mwembe. Ule wa karibu na ofisi ya walimu.”

Mama akainuka kwenda kutafuta fimbo. Bibi, aliyekuwa amekaa barazani akichambua maharage, akaweka ungo pembeni.

“Mwambie avue kwanza hiyo kaptula, uniletee.”

“Mama, si umemsikia? Amekiri mwenyewe.”

“Nimemsikia, mwanangu. Sasa nataka kuisikia na nguo.”

Bibi akaitandaza kaptula magotini, upande wenye mwanga. Mchaniko ulikuwa umenyooka kutoka juu hadi chini kama uliochorwa kwa rula. Akachomoa kwa kucha uzi mmoja uliokuwa ukipita kwa upana wa kitambaa, akauvuta kidogo. Ukakatika. Akachomoa mwingine, wa urefu, akauvuta. Huo ulikataa.

“Tawi la mwembe halichani kwa rula,” akasema. “Njoo hapa, mume wangu. Hebu niambie, ilikuwaje?”

“Nilichuchumaa kucheza gololi, Bibi. Nikasikia imelia tu.”

“Sasa kwa nini ulisema ulipanda mwembe?” mama akauliza.

“Uliniuliza mti gani.”

Hakuna aliyesema neno kwa muda.

Kisa cha namna hii hakiishii Kapalamsenga. Hutokea katika nyumba nyingi kila mwanzo wa mwaka, pale sare mpya inapochanika kabla hata ya kufubaa. Elimu ya msingi na sekondari ya serikali hadi kidato cha nne imekuwa bila ada tangu Januari 2016, lakini sare ilibaki kuwa mzigo wa mzazi. Ndiyo maana ikichanika hasira huwa kubwa, na hasira hiyo humwangukia aliye karibu zaidi: mtoto. Mara nyingine ni kweli mtoto amefanya utundu. Mara nyingine kosa lilikuwa ndani ya kitambaa tangu siku kiliponunuliwa, na mzazi angeweza kuliona kama angejua pa kutazama.

Pa kutazama panaitwa mshindio.

Kitambaa kina njia mbili

Kila kitambaa kilichofumwa, iwe kanga, kitenge, shuka au kitambaa cha sare, kina nyuzi za aina mbili. Kwanza kuna nyuzi zinazotandazwa kwa urefu na kukazwa kabla ya kazi kuanza. Hizo huitwa mtande, na neno lenyewe linatokana na kutanda. Kisha kuna nyuzi zinazopitishwa kwa upana, zikipita juu na chini ya nyuzi za mtande kwa zamu, kutoka ukingo mmoja hadi wa pili na kurudi. Hizo ndizo mshindio. Kila uzi wa mshindio ukishapita, hushindiliwa ukae karibu na mwenzake.

Asiyewahi kuona mfumi akifanya kazi anaweza kuziona njia hizo mbili kwenye kiroba cha mahindi, kile wengine wanachokiita salfeti. Kiroba kimefumwa kwa vijiutepe vya plastiki vilivyo vipana kiasi cha kuonekana kwa macho. Vijiutepe vinavyosimama ni mtande, na vinavyolala ni mshindio. Kaptula ya shule ni hivyo hivyo, ila nyuzi zake ni nyembamba na nyingi.

Fulana na sweta hazimo katika habari hii. Hizo hutengenezwa kwa vitanzi vya uzi vilivyoshikana, ndiyo sababu hunyumbuka kila upande.

Kwa nini upana huchoka mapema

Kiwandani, nyuzi za mtande hupata shida kubwa. Huvutwa kwa nguvu muda wote, huinuliwa na kushushwa maelfu ya mara, na kusuguliwa na vyuma vya mashine. Uzi dhaifu ungekatika na mashine ingesimama. Kwa hiyo mwenye kiwanda halazimishwi na mtu kuweka mtande mzuri. Mashine yenyewe inamlazimisha. Huchagua uzi uliosokotwa vizuri, na mara nyingi huupaka wanga kabla ya kufuma ili usisagike.

Mshindio haupati shida hiyo. Kazi yake kiwandani ni kupita tu, tena mara moja. Uzi laini, uliosokotwa kidogo na wa bei ya chini, unaweza kupita bila kukatika. Hapo ndipo anayetaka kupunguza gharama huanzia.

Tena anaweza kupunguza hesabu. Tuseme kitambaa kina nyuzi 20 za mshindio katika kila sentimita moja ya urefu. Mita moja itakuwa na nyuzi 2,000. Mashine inayopitisha nyuzi 200 kwa dakika itaifuma mita hiyo kwa dakika 10. Nyuzi zikipunguzwa hadi 16 kwa sentimita, mita ile ile itakuwa na nyuzi 1,600 na itakwisha kwa dakika 8. Uzi umeokolewa, na muda pia. Kitambaa kikipakwa wanga na kupigwa pasi, dukani kinaonekana kizito na kimenyooka. Kikifuliwa mara mbili, wanga unaondoka na maji, na mzazi anabaki na kitambaa chenyewe.

Sasa mtoto anachuchumaa. Makalio yanapanuka, kaptula inavutwa kutoka nyonga moja hadi nyingine. Kwa kuwa kaptula kwa kawaida hukatwa ili mtande usimame kutoka kiunoni hadi gotini, mvuto huo wote wa kulala unabebwa na mshindio. Ukiwa dhaifu hukatika uzi mmoja, wa jirani unaelemewa nao unakatika, na mchaniko unashuka wima kwa kufuata njia ya mtande. Mtoto husikia sauti moja tu, naye hana alichokifanya zaidi ya kuchuchumaa.

Nguo husema ilivyochanika

Alichokifanya bibi yule barazani, kila mzazi anaweza kukifanya kwa dakika mbili kabla ya kuuliza swali lolote.

Mchaniko ulionyooka wima makalioni, mbali na mshono, kwa kawaida unasema mshindio umeshindwa. Ama nyuzi zake ni dhaifu, ama nguo ilikuwa inambana mtoto, ama yote mawili.

Mchaniko wenye kona, kama herufi L, kwa kawaida unasema nguo ilinasa mahali: msumari wa dawati, seng'enge, tawi au baiskeli. Kitu kimeshika sehemu moja na mtoto ameendelea kwenda, na nyuzi za njia zote mbili zimekatika.

Kama uzi wa kushonea bado uko mzima lakini kitambaa kimechomoka kando yake na kuacha nyuzi zinazoning'inia, basi kitambaa kilifumwa kwa ulegevu au fundi aliacha ukingo mdogo sana ndani ya mshono.

Kama sehemu imesagika, imekuwa nyepesi na yenye manyoya kabla ya kutoboka, huo ni uchakavu wa kawaida wa kukaa na kusugua. Nguo imetumika.

Alama hizi si hukumu ya mahakama. Zinampa mzazi swali lililo bora kuliko “ulipanda mti gani”. Swali la namna hiyo tayari limeshatoa jibu, na mtoto wa miaka minane au tisa, akiona fimbo, hulipokea jibu hilo ili maswali yaishe. Mzazi anadhani amepata ukweli. Kumbe mtoto amejifunza kwamba uongo unaompendeza mkubwa hukubalika haraka kuliko ukweli usiompendeza, na somo hilo atakua nalo.

Na mchaniko ukiwa kweli ni wa kona, bado nguo imesaidia. Mtoto aoneshwe ile kona, aelezwe inavyotokea, kisha apewe sindano akae na mkubwa washone pamoja. Aliyeshona kiraka chake mwenyewe huutazama msumari wa dawati kwa jicho jingine.

Dukani, kabla ya kulipa

Mzazi anayekwenda kununua kitambaa au sare iliyokwisha kushonwa, awe anakwenda Mpanda mjini au kwenye mnada wa karibu, hahitaji kifaa chochote.

Kwanza, akiinue kitambaa kwenye mwanga wa jua. Nyuzi zinazolala zionekane zimekaribiana na kulingana. Mistari ya mwanga inayopita kwa upana, mahali pengine mingi na pengine michache, inaonesha mshindio haukushindiliwa sawasawa.

Pili, ashike kwa vidole gumba sehemu mbili zilizo karibu na kuvuta kwa upana, kisha aachie. Kitambaa kizuri hutoa kidogo halafu hurudi. Nyuzi zikisogea na kuacha uwazi usiorudi, mishono itachomoka.

Tatu, asugue kitambaa kwa kitambaa kwa nguvu. Unga mweupe ukitoka na kitambaa kikalegea, anauziwa wanga.

Nne, kama muuzaji anaruhusu, achomoe uzi mmoja wa urefu na mmoja wa upana kwenye ncha iliyokatwa, avute kila mmoja hadi ukatike. Uzi wa upana kuwa laini kidogo si ajabu. Ukikatika bila hata kuvutwa, afadhali kuacha.

Kuijua njia ya urefu ni rahisi pale kitambaa kinapokuwa bado kwenye jora. Ule ukingo uliokazwa, usiofumuka, unafuata urefu. Hapo ndipo mshindio hugeuka na kurudi.

Pamba tupu hupitisha hewa na kunyonya jasho, ila hunywea inapofuliwa, na kwa kawaida hunywea zaidi kwa urefu. Kitambaa cha mchanganyiko wa pamba na poliesta hustahimili msuguano na hukauka upesi wakati wa masika. Cha pamba kilowekwe, kianikwe, kisha ndipo kipelekwe kwa fundi. Kaptula iliyonywea hubana nyonga, na nyonga iliyobanwa huvuta mshindio.

Kwa fundi, maneno machache

Fundi anayetaka kuokoa kitambaa anaweza kuzigeuza pande nyingine zilale ili zitoshe kwenye kipande kidogo. Kaptula inatoka, na siku ya kwanza haina tatizo. Lakini ule upana unaotoa kidogo hauzunguki tena nyonga za mtoto. Akiinama, kitambaa hakimpi nafasi, na mshono ndio unalipa. Mzazi anaweza kuomba kwa heshima tu: “Fundi, naomba pande zote zisimame.” Aongeze robo mita kama inahitajika. Robo mita ni nafuu kuliko kaptula ya pili mwezi wa tatu.

Aombe pia mambo matatu: ukingo wa sentimita mbili ndani ya mshono wa nyuma, ili uweze kuachiwa mtoto akinenepa, kingo zipigwe ovaloki zisifumuke, na kipande cha kitambaa kishonwe kwa ndani makalioni tangu mwanzo, kabla ya kuchanika. Kiraka chochote, cha sasa au cha baadaye, kikatwe ili nyuzi zake za urefu zilingane na za nguo. Kiraka kilichowekwa kishambashamba huvuta upande mmoja na kuanzisha mchaniko mwingine pembeni yake.

Saizi nayo isisahaulike. Mzazi mwenye haraka hununua ya kumtosha mtoto leo. Mtoto wa shule ya msingi hukua kati ya Januari na Desemba, na nguo inayobana huharibika hata kama mshindio wake ni mzuri.

Na kanga ya kubebea mtoto

Jambo moja linawahusu wenye watoto wachanga. Doti ya kanga hufika dukani pande mbili zikiwa zimeungana, kisha hukatwa katikati na ncha fupi zikapindwa. Zile kingo ndefu, ya juu na ya chini, hazikatwi na mtu, kwa kuwa ndizo kingo za jora. Maana yake ni kwamba mama anapomfunga mtoto mgongoni, kanga inayomzunguka inavutwa kwa njia ya mtande, na uzito wa mtoto uko kwenye nyuzi zilizo imara zaidi. Mshindio hapo una kazi nyingine: kuzishika nyuzi za mtande zisiachane.

Kanga iliyochakaa huanza kuachana. Ikiinuliwa kwenye mwanga huonekana pametokea njia nyeupe katikati, mara nyingi pale makalio ya mtoto yanapokalia. Kanga hiyo bado inafaa kufunikia unga, kufutia meza au kutandika. Kubebea mtoto, hapana.

Walioishi na kitanda cha mfumi

Bibi yule wa barazani hakuyasoma haya kitabuni. Asili yake ni Ufipa, na utotoni alimsikia babu yake akisimulia habari za seketa, kitambaa cha pamba kilichofumwa na Wafipa wenyewe.

Hiyo si hadithi ya moto wa jioni tu. Nchi iliyo kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, ambako leo ni mikoa ya Rukwa na Katavi, ilikuwa moja ya sehemu zilizojulikana kwa ufumaji wa pamba katika karne ya 19. Wanyamwezi nao walifuma. Richard Burton, Mwingereza aliyefika Tabora mwaka 1857 akiwa safarini kuelekea Ziwa Tanganyika, aliwaona wafumaji huko na kuieleza kazi yao katika kitabu alichochapisha mwaka 1860.

Kitanda cha mfumi kilikuwa kitu rahisi kukitazama na kigumu kukifanyia kazi. Magogo mawili yalifungwa kwenye vigingi vilivyopigwa ardhini, na mtande ukakazwa kati yake. Mfumi alikaa chini, akapitisha mshindio uliozungushwa kwenye kijiti kirefu, kisha akaushindilia kwa ubao bapa mfano wa upanga. Uzi mmoja, pigo moja. Mwingine, pigo jingine. Hakukuwa na haja ya kumdanganya mtu kwa wanga, maana mfumaji na mvaaji waliishi jirani na huenda walionana kila siku. Kitambaa kilichotoka kilikuwa kizito na cha kudumu.

Kilichokiangusha hakikuwa ubovu. Kilikuwa muda. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 wafanyabiashara wa Marekani walianza kuleta Zanzibar kitambaa cha pamba kisichopaushwa kilichofumwa kwa mashine, na watu wakakipa jina la nchi kilikotoka: merikani. Marekani ilifanya mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833, na mwaka 1837 ikafungua ubalozi mdogo Zanzibar. Misafara iliibeba merikani hadi bara, ikawa nguo na ikawa fedha pia. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilipokata njia hiyo, vitambaa vya Uingereza na India vikaziba pengo. Mfumi aliyehitaji siku nyingi kumaliza kipande kimoja hakuweza kushindana na marobota.

Wafumaji wa bara waliendelea kwa miongo kadhaa, kisha wakapungua. Maneno yao ndiyo yaliyobaki: mtande, mshindio, kitanda cha mfumi.

Leo pamba inalimwa Katavi, na wilaya ya Tanganyika ina wakulima wake. Watoto wa huko wanaijua pamba tangu kupalilia hadi kuchuma. Kilo moja ya pamba kama ilivyotoka shambani, mbegu zikiondolewa, hutoa takriban theluthi moja ya uzito wake kuwa nyuzi, kiasi kinachokaribia kutosha kitambaa cha kaptula ya mtoto wa darasa la tatu. Lakini sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania huuzwa nje kabla ya kusokotwa. Mtoto anaweza kuchuma pamba mwezi wa sita na kununuliwa sare mwezi wa kumi na mbili asijue kwamba vitu hivyo viwili vinahusiana. Kuna ubaya katika hilo. Asiyejua kitu kinavyotengenezwa hana la kumuuliza anayemuuzia.

Somo la jioni moja

Kumfundisha mtoto hakugharimu. Apewe kipande cha kiroba kilichochakaa, achomoe vijiutepe vya njia moja na kuviacha vya njia nyingine. Ataona kwamba vya kulala vikiisha, vilivyobaki havishikwi na kitu, vinatawanyika. Hapo ameshaelewa kazi ya mshindio.

Kisha apewe kipande cha boksi gumu. Ncha mbili zikatwe meno madogo, uzi wa katani au sufi uzungushwe kutoka meno ya juu hadi ya chini. Huo ni mtande. Mshindio upitishwe kwa njiti, juu, chini, juu, chini, na kushindiliwa kwa kitana cha zamani. Mtoto wa miaka saba anaweza kufuma kipande cha kuwekea kikombe kwa jioni mbili. Kama nyumbani kuna suruali ya jinzi iliyochakaa gotini, ailete: nyuzi nyeupe zinazolala pale gotini ni mshindio uliobaki baada ya mtande wa bluu kusagika. Katika jinzi mtande ndio uliotiwa rangi, mshindio ukaachwa mweupe, na hiyo ndiyo sababu suruali hiyo huwa nyeupe kwa ndani.

Goti limeusaga mtande, kaptula imeukata mshindio. Mtoto akiulizwa ni kwa nini, atafikiri. Na mtoto anayefikiri mbele ya mzazi wake, bila kuogopa, hana haja ya kutaja mwembe.

Jioni ile Kapalamsenga fimbo haikupatikana. Mama alichukua sindano, bibi akakata kiraka kutoka kwenye mabaki ya kitambaa aliyoyarudisha fundi, akakigeuza mara mbili hadi nyuzi zikalingana na za kaptula. Mtoto alishikilia koroboi karibu, amevaa kanga ya bibi kiunoni.

Mama alishona kimya kwa muda. Kisha akasema bila kuinua kichwa: “Kesho nikikuuliza kitu, uniambie kilivyokuwa. Hata kama nimekasirika.”

“Sawa, mama.”

“Na mimi nitauliza vizuri.”

Bibi akavuta ungo wake, akarudi kwenye maharage.